Mionzi ya Nyonga na Kibofu cha Mkojo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali ya kibofu huja mwishoni. Mgonjwa ameshauliza kuhusu chakula, kazi na uchovu, ameshaaga, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, ndipo anageuka: "Na hii ya kukojoa kila saa, ni kawaida?" Majibu haya ni ya maswali hayo ya mlangoni. Yanamhusu aliye katikati ya tiba, na zaidi yule aliyemaliza zamani akadhani mambo ya mionzi yamekwisha.

Saratani yangu haiko kwenye kibofu. Kwa nini kibofu kiumie?

Kwa sababu ya ujirani. Kwa mwanamume, tezi dume imebanana na shingo ya kibofu kwa chini. Kwa mwanamke, mlango wa kizazi na sehemu ya juu ya uke vimeegemea ukuta wa nyuma wa kibofu. Puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, nayo haiko mbali.

Tena viungo vya ndani havitulii. Utumbo hujaa gesi, kibofu hujaa na kupungua, tezi dume husogea milimita kadhaa kutoka siku moja hadi nyingine. Kwa hiyo daktari anapochora eneo la kupigwa mionzi huongeza ukingo kuzunguka uvimbe ili usikoswe, na ukingo huo ndio unaoingia kwenye kibofu. Mashine za kisasa huufinyanga mwale ufuate umbo la uvimbe na kuiacha nje sehemu kubwa ya kibofu, lakini sehemu inayogusana na uvimbe haina pa kukimbilia. Ndiyo maana madhara mengi huonekana chini na nyuma ya kibofu, karibu na shingo yake.

Mionzi hufanya nini hasa kwenye ukuta wa kibofu?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu ukishalielewa, mengine yote hujieleza.

Ukuta wa kibofu una tabaka. Ndani kabisa kuna utando ambao seli zake za juu ni kubwa, zimetandazwa kama miavuli, zimeshonana kwa nguvu kiasi kwamba mkojo haupenyi. Juu yake kuna ute mwembamba unaoongeza kinga. Chini ya utando kuna tishu laini iliyojaa mishipa midogo ya damu na ya fahamu. Nje ya hapo ndipo ulipo msuli unaolegea mkojo ukijaa na kujikaza ukikojoa.

Mionzi hukata nyuzi za DNA ndani ya seli, mara nyingine moja kwa moja, mara nyingine kwa kuyavunja maji yaliyomo ndani ya seli yakazaa chembe kali zinazoshambulia chochote kilicho karibu. Seli nyingi zilizokatwa hivyo hazifi papo hapo. Hufa zinapojaribu kugawanyika. Utando wa utumbo hujifanya upya ndani ya siku chache, kwa hiyo kuharisha huweza kuanza mapema. Utando wa kibofu, ukiwa mzima, huchukua miezi kujifanya upya. Ni tishu ya polepole, na tishu ya polepole huonyesha majeraha yake polepole.

Kinachoharibika kwanza ni mishono ile. Seli za juu hulegea, ute hupungua, na mkojo wenye urea, chumvi na potasiamu huanza kupenya mahali usipotakiwa kufika. Ni kama ndimu kwenye kidonda. Mishipa ya fahamu inawashwa, tishu inavimba, msuli unajikaza kabla ya wakati, nawe unakimbilia choo kwa mkojo wa kijiko. Hii ndiyo awamu ya kwanza.

Awamu ya pili iko kwenye mishipa ya damu, na haina kelele. Seli zinazofunika mishipa midogo kwa ndani zimejeruhiwa nazo. Zinavimba, mishipa inafinyika, mingine inaziba kabisa. Tishu inayolishwa na mishipa hiyo inakosa oksijeni kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi. Mwili unajibu kwa njia mbili. Unajaza kolajeni, yaani kovu, mahali palipokuwa na msuli unaonyumbuka. Kisha unaotesha mishipa mipya ya damu ili kufidia ile iliyoziba, ila hiyo mipya ina kuta nyembamba mno. Ukichungulia kwa kamera unaiona: utando umepauka, na juu yake kuna nyuzi nyekundu zilizosokotana kama miguu ya buibui. Nyuzi hizo zikipasuka, mkojo huwa mwekundu.

Dalili za wakati wa tiba ni zipi, na zitaisha lini?

Kwa kawaida huanza kuanzia wiki ya pili au ya tatu, si siku ya kwanza. Kukojoa mara kwa mara, kuamka usiku, mkojo kuchoma, kubanwa ghafla, mkondo kuwa dhaifu kwa wanaume. Kwa watu wengi hupungua wiki kadhaa baada ya kumaliza, na madaktari huziita za awali zinapotokea wakati wa tiba au ndani ya miezi mitatu baada yake.

Usisubiri ziishe zenyewe ikiwa zinakunyima usingizi. Zipo dawa za kutuliza msuli wa kibofu, kama oksibutinini na mirabegroni. Kwa mwanamume mwenye mkondo dhaifu zipo za kulegeza shingo ya kibofu, kama tamsulosini. Oksibutinini hukausha mdomo na kuleta choo kigumu, na kwa wazee huweza kuchanganya akili kidogo, kwa hiyo mwambie daktari ukiona mzee wako amebadilika baada ya kuianza.

Mkojo unachoma. Ni UTI au ni mionzi?

Kwa kuhisi tu, huwezi kujua. Hata kile kipimo cha haraka cha kijiti kinaweza kukudanganya, maana kibofu kilichovimba kwa mionzi hutoa chembe nyeupe na damu kwenye mkojo bila kuwa na kijidudu hata kimoja. Kijiti kinaonyesha "chanya", mgonjwa anapewa antibiotiki, hapati nafuu, anapewa nyingine kali zaidi. Nimeona watu waliopita mikondo mitatu ya antibiotiki kwa ugonjwa ambao haukuwapo.

Kinachoamua ni kuotesha mkojo maabara. Kama umepigwa mionzi ya nyonga, omba kipimo hicho kabla ya kumeza chochote, isipokuwa kama una homa, baridi kali au maumivu ya ubavu. Hizo ni dalili za maambukizi yanayopanda kwenye figo, na hapo tiba huanza mara moja wakati majibu yanasubiriwa.

Kwa nini wananilazimisha kunywa maji kabla ya kila kipindi?

Hakuna agizo linalolalamikiwa kuliko hili. Unaambiwa ukojoe wote, unywe maji kiasi kilichopimwa, mara nyingi nusu lita au pungufu kidogo, kisha ukae nusu saa hadi saa nzima bila kwenda choo. Unakaa kwenye benchi umebana miguu, mashine imechelewa, aliyetangulia bado hajatoka, na kila mlango unaofunguka unadhani ni zamu yako.

Faida yake ni hii: kibofu kilichojaa hupanuka kwenda juu na mbele. Sehemu yake kubwa inatoka nje ya njia ya mwale, na kinausukuma utumbo mwembamba usishuke kwenye nyonga. Kibofu kitupu kinakaa chote ndani ya eneo la mionzi. Kwa hiyo yale maji ni ngao, na si ya utumbo peke yake.

Kadiri wiki zinavyokwenda, kubana kunakuwa kugumu kwa sababu kibofu chenyewe kimeshawashwa. Wiki ya nne watu wengi hawafikii ujazo wa siku ya kwanza. Usijifanye. Sema kabla ya kulala mezani, kwa sababu wahudumu wanaweza kupima kwa picha na kuamua la kufanya. Anayevumilia kimya halafu akajikojolea katikati ya kipindi hajafanya kosa lolote, ila siku hiyo inaharibika kwake na kwa waliobaki kwenye benchi.

Jambo moja la kutochanganya: ikiwa kibofu chenyewe ndicho chenye saratani na kinapigwa mionzi chote, mara nyingi utaambiwa kinyume, ukojoe kabla ya kulala mezani. Fuata maelekezo yako, usifuate ya jirani wa kwenye benchi.

Na mionzi ya ndani, ile ya kuwekewa vifaa ukeni?

Hutumika sana kwa saratani ya mlango wa kizazi baada ya mionzi ya nje. Chanzo cha mionzi huingizwa karibu kabisa na uvimbe, na nguvu yake hushuka haraka sana kadiri unavyokwenda mbali: ukiongeza umbali mara mbili, inayobaki ni kama robo. Hiyo ni habari njema kwa kibofu, mradi kisogezwe mbali hata kwa sentimita moja. Ndiyo sababu ya ule mpira wa mkojo, na ya zile shashi zinazofungashwa ukeni hadi unahisi umejaa. Zinakisukuma kibofu mbele na puru nyuma.

Wapangaji wa dozi huangalia hasa sentimita 2 za ujazo za ukuta wa kibofu zinazopata mionzi mingi kuliko zote. Ukijumlisha ya nje na ya ndani kwa hesabu yao, lengo ni kubaki chini ya grei 80 (grei ni kizio cha dozi ya mionzi) ikiwezekana, na kutovuka 90.

Je, mkojo wangu una mionzi? Watoto watumie choo kimoja nami?

Mionzi ya nje haibaki mwilini. Mashine ikizimwa, imekwisha. Watumie choo na wakukumbatie. Waliowekewa mbegu za mionzi za kudumu kwenye tezi dume tu ndio hupewa maelekezo yao maalumu kwa muda.

Nilimaliza tiba miaka sita iliyopita. Leo asubuhi nimeona damu kwenye mkojo. Haiwezi kuwa mionzi, sivyo?

Inaweza. Madhara ya baadaye huanza kuhesabiwa kuanzia miezi mitatu hadi sita baada ya tiba, yanajitokeza zaidi miaka michache ya mwanzo, lakini wapo ambao damu yao ya kwanza inakuja baada ya miaka 10 au zaidi. Kumbuka ile awamu ya pili: mishipa inafinyika polepole mno, na tishu inaweza kujikongoja miaka mingi kabla ya kushindwa.

Hata hivyo, usiseme "ni mionzi tu" ukabaki nyumbani. Damu kwenye mkojo inaweza pia kutokana na maambukizi, mawe, kichocho, saratani iliyorudi au saratani mpya. Utahitaji vipimo vya mkojo, kipimo cha damu, picha ya figo na mirija yake, na mara nyingi kuchunguliwa kibofu kwa kamera nyembamba inayopita kwenye njia ya mkojo. Daktari anayejua historia yako atakuwa mwangalifu kukata kinyama cha kupima pale asipoona kitu cha kutilia shaka, kwa sababu kidonda kwenye tishu iliyopigwa mionzi hupona kwa shida na kinaweza kuacha tundu.

Rangi nayo inasema kitu. Mkojo wa pinki unaoonekana na kupotea unaruhusu miadi ya siku chache zijazo. Mkojo mwekundu mzito, wenye mabonge ya damu, ni safari ya hospitali leo. Na ukibanwa kabisa, tumbo la chini likajaa na kuuma huku hakuna kinachotoka, bonge limeziba njia: hiyo ni dharura, usingoje kukuche, wala usijaribu kuisukuma kwa kunywa maji mengi zaidi, kwani utakuwa unajaza chombo kisicho na pa kutolea.

Nani yuko kwenye hatari zaidi?

Aliyepata dozi kubwa, au ambaye sehemu kubwa ya kibofu chake ilikuwa ndani ya mwale. Aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga kabla. Mwenye kisukari au shinikizo la damu, kwa kuwa mishipa yake midogo ilikuwa tayari imechoka. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hatavuja kwa sababu ya dawa peke yake, lakini akianza kuvuja hukawia kuacha. Asizikatize mwenyewe hata hivyo. Kiharusi ni kibaya kuliko mkojo mwekundu, na uamuzi huo ni wa daktari.

Kisha sigara. Inafinya mishipa ileile ambayo mionzi imeifinya, na ndicho chanzo kikuu cha saratani ya kibofu kinachojulikana. Katika orodha yote hii, ndiyo pekee unayoweza kuiacha leo.

Waliotumia dawa za kemo za saiklofosfamidi au ifosfamidi wajue kwamba dawa hizo zenyewe huweza kukitoa kibofu damu, hata pasipo mionzi.

Damu ikiwa nyingi, hospitalini wanafanya nini?

Kwanza wanakisafisha kibofu. Huwekwa mpira mnene wa mkojo wenye njia tatu: moja ya kuujaza puto lake, moja ya kuingiza maji ya chumvi, moja ya kutolea. Mabonge huvutwa kwa bomba la sindano kubwa, kisha maji yanapita mfululizo hadi mfuko ulio kando ya kitanda ubadilike kutoka wekundu hadi pinki hadi weupe. Ndugu wa mgonjwa huukodolea macho mfuko huo usiku kucha. Jueni kwamba damu kidogo hupaka rangi maji mengi. Kinachoangaliwa ni rangi inaelekea wapi, na kama maji yanayotoka yanalingana na yanayoingia.

Ikiendelea kuvuja, daktari wa njia ya mkojo huingia na kamera akachoma sehemu zinazotoa damu. Kibofu kinaweza kuoshwa kwa maji ya shabu ya asilimia 1, ambayo hukaza mishipa ya juu. Kwa mwenye figo dhaifu huepukwa, maana alumini hujikusanya mwilini. Formalini huzuia damu kwa nguvu, lakini huumiza mno, hutolewa chini ya nusu kaputi au ganzi ya mgongo, na inaweza kukiacha kibofu kimesinyaa. Kwa maoni yangu isifikiwe kabla ya njia za upole kujaribiwa. Mishipa inayokilisha kibofu inaweza pia kuzibwa kutoka ndani kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa paja. Mwisho wa yote ni kuuelekeza mkojo njia nyingine au kukiondoa kibofu, upasuaji mzito katika nyonga iliyojaa makovu.

Nimesikia kuhusu chumba cha oksijeni. Ni kweli kinasaidia?

Hii ndiyo tiba inayokwenda kwenye mzizi wa tatizo, kwa sababu mzizi ni tishu iliyonyimwa oksijeni. Unakaa kwenye chumba kilichofungwa chenye mgandamizo wa angahewa 2 hadi 2.5, unavuta oksijeni safi kwa takriban saa moja na nusu. Oksijeni nyingi huyeyuka kwenye damu, inafika mahali ambapo mishipa haitoshi, na baada ya vipindi vingi mishipa mipya iliyo imara huanza kuota.

Utafiti wa nchi za Kaskazini mwa Ulaya uliochapishwa mwaka 2019 uliwapanga wagonjwa kwa bahati nasibu. Waliopata vipindi 30 hadi 40 walipata nafuu kubwa ya dalili za mkojo kuliko walioendelea na matunzo ya kawaida. Vipindi hivyo ni vya kila siku kwa wiki nyingi, na vyumba vyenyewe ni vichache. Masikio huuma kama kwenye ndege inayoshuka, na macho yanaweza kubadilika kidogo kwa muda. Mwenye pafu lililotoboka na kuvujisha hewa haingii.

Kibofu changu kimekuwa kidogo. Nakojoa kila nusu saa. Kitarudi?

Kibofu kizima hubeba kama mililita 400 hadi 500. Kovu likitawala, kinaweza kushindwa kubeba hata 100, na hapo si suala la kujizuia tena. Ngozi ya ngoma hainyumbuki kama puto.

Kwanza ijulikane ni kovu au ni msuli uliochachamaa, kwa sababu wa pili hutibika. Andika siku tatu: saa uliyokojoa, kiasi kwa kikombe cha kupimia, ulichokunywa. Ukiona asubuhi unatoa 300 na mchana 60, kibofu bado kinanyumbuka, na dawa, mazoezi ya kuchelewesha kukojoa kwa dakika chache chache, au sindano za botulinamu, dawa ya kulegeza msuli, kwenye msuli wa kibofu zinaweza kusaidia. Ukiona 60 usiku na mchana bila kubadilika, hiyo inaelekea kuwa kovu. Daftari hilo la siku tatu humwambia daktari mengi kuliko maelezo ya robo saa.

Mimi mwenyewe nifanye nini nyumbani?

Kunywa maji ya kutosha mchana, punguza jioni. Wengi hufanya kinyume: wanaacha kunywa ili wasikojoe, mkojo unakuwa mzito, unachoma zaidi. Punguza kahawa, chai kali, soda, pombe na pilipili, kisha rudisha kimoja kimoja uone kipi hasa kinakuudhi. Si lazima uviache vyote maisha yako yote. Tibu choo kigumu, kwa sababu puru iliyojaa hukigandamiza kibofu.

Mazoezi ya kukaza misuli ya sakafu ya nyonga, ile unayoikaza kuzuia upepo, husaidia mkojo unaoponyoka. Ukizuia pumzi au kukaza makalio, unafanya visivyo.

Mkojo unatoka ukeni wakati wote.

Hilo ni tundu kati ya kibofu na uke, fistula. Ni nadra, si aibu, na si la kungoja. Uvimbe wenyewe, kovu, au vyote viwili vinaweza kulisababisha, kwa hiyo uchunguzi hutangulia upasuaji.

Mionzi inaweza kuniletea saratani ya kibofu?

Uwezekano upo, ni mdogo, na huchukua miaka mingi kujitokeza. Anayepimiwa tiba leo haachi mionzi kwa sababu hiyo, maana saratani iliyopo inaua mapema kuliko inayoweza kuja. Ila ndiyo sababu nyingine ya kutodharau damu.

Nimebadilisha hospitali. Daktari mpya nimwambie nini?

Anayekutana na wewe baada ya miaka 8 hatajua mpaka umwambie, na fomu nyingi huuliza upasuaji tu, haziulizi mionzi. Mwambie sehemu iliyopigwa, mwaka, dozi kwa grei na idadi ya vipindi, kama ulipata ya ndani pia, na kemo gani uliyochanganya nayo. Siku ya mwisho ya tiba omba muhtasari huo kwa maandishi kabla hujaondoka, uupige picha kwa simu, na nakala moja akae nayo mtu mwingine wa nyumbani.